Vitabu Sita

Siku tuliyomzika mmoja wa wahubiri wetu, Ura Miller, mimi nilikuwa nahesabu wanaume. Sijivunii jambo hilo. Wenzangu wanalia kando ya kaburi, mimi nimejibanza nyuma ya wifi yangu Delila, macho yananitembea juu ya kofia nyeusi, moja baada ya nyingine. Huyu amezeeka mno. Huyu ameoa juzi tu. Huyu na askofu haziivi. Huyu mkewe mgonjwa, watamhurumia. Nikafika kwenye kofia ya mume wangu Atlee. Miaka thelathini na sita, watoto wanne, hana kesi na mtu, hanywi, hagombi, hajachelewa ibada hata siku moja. Nilitafuta kasoro ya kumtoa kwenye orodha yangu, nikapata moja tu.

Kwetu hakuna anayesomea uhubiri, na hakuna anayeuomba. Mhubiri akifa, kila muumini, wake kwa waume, anapita mlangoni na kumnong'oneza shemasi jina la mwanamume mmoja. Atakayetajwa mara tatu au zaidi anakwenda mezani. Pale mezani kuna vitabu vya nyimbo kwa idadi ya hao waliotajwa, vyote vinafanana, vyote vimefungwa kwa mpira, na ndani ya kimoja mna kikaratasi. Atakayekikuta ni mhubiri tangu dakika ile hadi siku atakayolazwa alipolazwa Ura. Halipwi. Hashiki karatasi ya kusomea. Anasimama katikati ya watu mikono mitupu na kunena. Wala hawezi kukataa, maana alishakubali siku ya ubatizo wake, akiwa kijana wa miaka ishirini anayewaza farasi na wasichana. Watu bado wanasimulia habari za bwana mmoja wa kanisa la jirani aliyekiona kikaratasi chake akatoka mbio, akajificha kwenye mahindi. Hakuna aliyemfuata. Walikaa kwenye mabenchi wakamsubiri. Jua linazama akarudi mwenyewe na majani kwenye ndevu, akapiga magoti, wakamweka wakfu.

Kasoro ya Atlee ilikuwa kigugumizi. Si kile cha kukwama hapa na pale. Chake kinamshika koo kama mtu aliyekabwa na tonge, shingo inamsimama, macho yanamtoka, na wewe uliye mbele yake unatamani ardhi ipasuke. Yeye ni fundi wa ngozi, hushona hatamu na mikanda ya farasi, na kazi hiyo alijichagulia kwa sababu farasi hawamharakishi. Mimi ndiye ninayezungumza na wateja. Mezani akianza kuomba chumvi nimeshamsogezea. Ndivyo tulivyoishi miaka kumi na mitatu, yeye anaanza na mimi namalizia. Watu walikuwa wakitania kwamba Atlee Troyer ana midomo miwili, na mmoja umevaa gauni.

Hata mbele za Mungu nilimmalizia. Asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya vyombo, tunapiga magoti sote sita, nyuso kwenye viti, na Atlee anafungua kile kitabu kidogo cheusi cha sala alichorithi kwa baba yake. Anasoma. Anakwama. Mimi sala zile nazijua kwa moyo, kwa hiyo nasema neno, naye anaendelea. Niliona nafanya wema. Na, niseme ukweli, magoti yalikuwa yananiuma.

Majira ya kuchipua askofu wetu, Mose Hershberger, alisimama mwisho wa ibada na kutangaza kwamba baada ya wiki mbili, siku ya Meza ya Bwana, tutapiga kura ya mhubiri. Watu waombe kila siku, Mungu amwonyeshe kila mmoja jina. Na mtu asimwambie mtu jina alilo nalo, hata mume asimwambie mkewe. Alipokaa, nilisikia wanaume wakishusha pumzi upande wa pili wa ghala, maana sisi hatuna jengo la kanisa, tunasali kwa zamu majumbani na maghalani mwetu. Njiani kurudi nyumbani Atlee hakusema kitu, nami kwa mara ya kwanza sikumsemea.

Hofu iliingia nyumbani kwetu siku hiyo ikakaa kama mgeni asiyeaga. Atlee aliacha kula. Anakata nyama vipande vidogo vidogo, anavipanga, anavirudisha kwenye bakuli. Alfajiri nasikia kitanda kinalia, kumbe ameamka, amekaa tu ukingoni mwa godoro. Watoto wakawa wanatembea kwa ncha za vidole bila kuambiwa. Jumanne niliingia karakanani kwake kuchukua uzi, nikakuta ndoo nyuma ya mlango. Ndoo ya bati, safi, imefunikwa kitambaa. Sikuielewa.

Nikaenda kwa mama mkwe wangu, Amanda, anayeishi kwenye nyumba ndogo iliyoungana na yetu. Nilimkuta anamenya viazi.

"Mama, ile ndoo karakanani ni ya nini?"

Kisu kikasimama. "Ameitoa?"

"Ipo nyuma ya mlango."

"Ni ya baba yake." Akarudi kwenye kiazi chake. "Mahlon alihubiri miaka ishirini na sita. Kila Jumapili ya zamu yake, kabla ya kufunga farasi, anakwenda nyuma ya zizi anatapika. Nilikuwa naiosha mimi. Atlee alikuwa anajua, tulidhani hajui."

"Hukuwahi kuniambia, mama."

"Ungekubali kuolewa naye?"

"Ningekubali. Ningekuja na ndoo yangu."

Hakucheka. "Acha mzaha, Saloma. Mke wa mhubiri hana mzaha. Kila neno lake linapimwa. Unadhani mimi nilizaliwa hivi? Nilikuwa mcheshi kukushinda. Wasichana walikuwa wanagombea kukaa karibu na mimi." Akatupa kiazi kwenye maji. "Kura ilimwangukia Mahlon nikiwa na miaka ishirini na tisa."

Miaka kumi na mitatu nimeishi ukuta mmoja na mwanamke huyu na sijawahi kusikia kicheko chake.  Hadi wakati huo nilikuwa namwogopea Atlee. Sasa nilijiogopea na mimi.

Siku hizo nilisali kuliko nilivyowahi kusali maishani, na sala yangu ilikuwa fupi: si yeye. Nikikanda unga, si yeye. Nikianika nguo, si yeye, yeyote Bwana, si yeye. Jioni tukipiga magoti nilimwona Atlee, baada ya kufunga kitabu, anabaki pale uso kwenye kiti muda mrefu, mabega yanamtetemeka. Jioni moja watoto walipokwisha kutoka nikamuuliza.

"Unaomba nini hivyo?"

"N-n-na..." Shingo ikamsimama. "N-naomba..."

"Ipite," nikamalizia. "Hata mimi."

Akanitazama. Mdomo wake ulikuwa bado wazi. Kisha akaufunga, akachukua kofia, akaenda kuwaangalia farasi.

Alhamisi tulikutana kwa Delila kushona blanketi la viraka. Delila ni dada yake Atlee, ameolewa na Perry Keim, mnadi wa mifugo, mtu mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Tulikuwa wanawake kumi na wawili tumeizunguka fremu ya mbao inayolikaza blanketi, sindano zinapanda na kushuka, na kila mtu anazungumza juu ya kila kitu isipokuwa kile tulichokuwa tunawaza. Juu ya mbegu. Juu ya vifaranga. Juu ya mtoto wa fulani na meno yake. Mimi nikawaza: hawa kumi na mmoja wana sauti kumi na moja. Tatu zinatosha kumpeleka mume wangu mezani. Na kutaja kura ni mwiko, lakini kutaja ugonjwa si mwiko.

"Nyie, Atlee wangu hana nafuu," nikasema, nikikaza macho kwenye sindano.

"Ana nini tena?" Delila akauliza.

"Kile kigugumizi. Kimezidi, na safari hii kimekuja na mizigo yake. Jana sala ya chakula ilimshinda kabisa. Alikwama, akakwama, supu ikapoa. Watoto wakaanza kulia. Ikabidi akae tu."

Uongo mtupu. Sala ya chakula kwetu ni ya kimya, kila mtu na moyo wake, na kila mwanamke aliyekuwa pale alijua hivyo kwa nyumba yake. Lakini hakuna aliyeniuliza ilikuwaje. Nadhani waliona uso wangu umeiva kwa hofu wakadhani ni huzuni.

Sindano zilinyamaza zote. Bibi Fannie Mast, mkubwa wetu, ana miaka themanini na mbili, akavua miwani.

"Maskini kijana wa watu," akasema. "Basi tumwombee."

"Kila siku," Delila akadakia, machozi yamemjaa. "Saa kumi na moja alfajiri, kila mtu kwake, tukiwasha jiko. Mpaka siku ya Meza ya Bwana. Mnasemaje?"

Wakakubali wote. Nami nikainamisha kichwa kama mke mwenye mzigo, huku moyoni nacheza. Nani atampeleka mezani mtu asiyeweza kubariki supu? Nilirudi nyumbani nimechangamka hivi kwamba niliwapikia watoto pai ya tufaha katikati ya juma.

Siku yenyewe ilifika, na ilikuwa siku nzuri, jambo lililoniudhi. Ibada ilifanyika kwenye ghala la Perry na Delila. Tulikaa kwenye mabenchi tangu saa mbili asubuhi, wanaume upande huu, wanawake upande ule, tukasikiliza mahubiri ya asubuhi na ya mchana, tukala mkate na kunywa divai, tukaoshana miguu. Mimi niliosha ya Delila, yeye akaosha yangu. Mikono yake ilikuwa baridi. Hakuna aliyethubutu kutania.

Kisha wahubiri waliingia kwenye chumba cha hatamu, mlango wakauacha wazi upana wa kiganja. Shemasi Roman alisimama nyuma ya ufa, na askofu mgeni, aliyealikwa kutoka kanisa la jirani, akakaa ndani na kalamu. Wanaume wakapita kwanza, mmoja mmoja, kila mmoja anainama kwenye ule ufa, ananong'ona, anaondoka. Kisha sisi. Mimi nilipofika nilinong'ona, "Perry Keim." Nilijiambia ni kwa ajili ya sauti yake.

Tulirudi kwenye mabenchi tukangoja. Watoto wadogo waliacha kulia, sijui nani aliwaambia. Askofu Mose akatoka na karatasi mkononi. Majina sita. Akayasoma polepole, na baada ya kila jina ilisikika sauti ndogo upande wa wanawake, kwa yule aliyeguswa. Jina la nne lilikuwa Perry Keim. Jina la tano lilikuwa Atlee Troyer.

Sikupiga kelele. Nilishika ukingo wa benchi, na nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba wamekosea kuandika. Kisha Delila aliyekaa karibu yangu, mwenyewe anamwogopea Perry, akaniinamia sikioni.

"Siwezi kukwambia nilitaja nani," akasema. "Lakini wifi, siku tisa nimeamka na jina moja mdomoni. Nilipofika mlangoni sikuwa na jingine."

Nikageuka nikawatazama wale wengine niliokaa nao kwenye blanketi. Bibi Fannie alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza, bado anamwombea. Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilitaka kumficha mume wangu, nikamweka midomoni mwa wanawake kumi na mmoja kila alfajiri. 

Wanaume sita wakakaa mezani kwa umri wao. Vitabu sita mbele yao, vyeusi, vimesimamishwa, kila kimoja na mpira wake. Shemasi Roman alikuwa amevichanganya chumbani, kisha mtu mwingine akavichanganya tena ili hata Roman asijue. Tukapiga magoti tukasali kimya. Sikuweza kusali. Lile neno langu la wiki mbili lilikuwa limekauka.

Wakachukua kuanzia mkubwa. Perry, wa nne, alisita, mkono ukaenda kwenye kimoja, ukahama kwenye kingine. Atlee wa tano. Vilikuwa vimebaki viwili. Hakuchagua, alichukua kilichokuwa karibu naye, akakilaza mapajani, mikono yote miwili juu yake. Niliona kwamba haitetemeki. 

Askofu Mose akaanza kuvipokea. Anatoa mpira. Anafungua kwenye ukurasa ambamo kikaratasi huwekwa. Anafunga. Anarudisha. Cha kwanza hakina kitu, na mke wa yule bwana akatoa sauti ya mtu aliyeinuliwa majini. Cha pili. Cha tatu. Cha Perry, askofu alikifungua, akakifunga, na Perry, mwanamume mzima mwenye mabega ya fahali, akaweka uso mezani akalia kwa sauti.

Mpira wa kitabu cha Atlee ulikatika askofu alipouvuta. Akafungua. Hakufunga.

"Ndugu Atlee," akasema. "Bwana amekuita. Simama."

Kwetu hakuna hongera siku kama ile. Watu walilia kama walivyolia kwa Ura. Atlee alisimama, akaulizwa, akaitikia kwa kichwa, askofu akambusu busu la amani, na wahubiri wengine baada yake, wote ndevu zimelowa. Mama mkwe wangu alikuwa mstari wa mbele, hakulia. Alikuwa akinitazama mimi.

Tulirudi nyumbani alasiri ile na kigari chetu, watoto nyuma kimya. Tulipopita daraja nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyekuponza." Nikamweleza yote, blanketi, supu, machozi ya uongo, wale wanawake na saa kumi na moja yao. Nikamwambia hata Perry. Nilingoja anigombeze. Farasi alitembea mwendo mrefu.

"W-waliomba," akasema mwishowe. "Kila s-siku?"

"Kila siku."

"Wote?"

"Wote kumi na mmoja."

Akatikisa kichwa taratibu. "N-ndiyo maana magoti hayakulegea pale mezani." Kisha akasema, "Siku ile uli-uliniuliza n-naomba nini. N-n-nili..."

"Uliomba ipite," nikasema. "Najua. Na mimi nimeharibu."

Akashusha pumzi. Hakuendelea. Tulipofika uani, akiwa anamfungua farasi, akaniambia sentensi moja tu, ikamchukua muda: niende nikawaambie.

Kwenda kwa Delila Alhamisi ile ilikuwa kazi ngumu kuliko kuzaa. Nilisimama mlangoni nikasema bila kukaa, nisije nikapata ujasiri wa kunyamaza. Delila alirusha mkasi mezani.

"Mimi nimelia machozi yangu kwa supu ambayo haikuwapo? Na mume wangu mimi ukampeleka mezani kwa mdomo wako huo huo? Wewe mwanamke una moyo gani?"

 Wengine walikuwa wanatazama viraka. Bibi Fannie akaweka uzi kwenye tundu la sindano, jambo linalomchukua dakika nzima, na sisi sote tukangoja.

"Supu ilikuwa ya uongo," akasema. "Lakini mimi sikuombea supu. Niliomba kwa ajili ya Atlee, na Atlee ni wa kweli." Akanielekezea kiti kwa kidevu. "Kaa ushone. Kuanzia kesho tunakuombea wewe. Ule ulimi."

Hata Delila alicheka, ingawa hakutaka. Mimi niliona haya na nafuu kwa pamoja, na hofu haikuondoka, ilihamia tu mahali pengine. Zamu ya kwanza ya Atlee kuhubiri ilikuwa Jumapili ya tatu.

Zile siku sitaki kuzieleza sana. Alikuwa anafungua Maandiko karakanani, hatamu za watu zimelala, anasoma, anatembea, anasoma. Nilimsikia akijaribu kusema peke yake, na hata peke yake alikwama. Usiku sikulala, na nilipolala niliota amesimama mdomo wazi na watu wanatoka mmoja mmoja mpaka mabenchi yamebaki matupu. Nilimwandalia ufunguzi. Ndiyo, mimi. Nilimwambia aanze kama wahubiri wote wanavyoanza, amshukuru Mungu kwa rehema zake na asubuhi njema. Maneno yale watu wameyasikia tangu tumboni, hata akikwama kila mtu anajua yanakokwenda. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili alfajiri alitoka bila chai. Nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya mlango wa karakana amepiga magoti kwenye ile ndoo. Nikainama nikamshika paji la uso, kama ninavyowashika watoto. Alipomaliza nikaichukua ndoo nikaipeleka bombani. Mama mkwe alikuwa amesimama dirishani kwake. Aliniona naiosha, akanyanyua mkono kidogo, akaushusha.

Ibada ilikuwa kwa kina Mast. Tuliimba ule wimbo mrefu, kila neno linavutwa na kuvutwa, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani usiishe. Uliisha. Atlee akasimama katikati, kati ya wanaume na wanawake, akashika mikono yake. Watu mia moja na sitini wakamtazama.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Niliona shingo inasimama. Niliona uso unakuwa mwekundu, kisha unakuwa na rangi nyingine. Saa ya ukutani ya Mast ina mlio mkubwa. Sijawahi kuichukia saa namna ile. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, kwa nini hasemi?" akafungwa mdomo. Na Atlee akageuza macho, akanitazama mimi. Watu wakafuata macho yake. Nusu ya kanisa wakawa wananitazama, wanajua, kila mtu anajua, kwamba neno hilo ninalo mimi. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Namshukuru Mungu kwa rehema zake. Mwanamke haongei katika ibada, lakini nakwambia, kama si Bibi Fannie ningelisema. Bibi Fannie, bila kunitazama, alinyoosha mkono wake mkavu akaushika wangu, akaubana mpaka mifupa ikalia.

Nikafunga mdomo. Ni kitu kidogo kukisema. Nilihisi kama nimemwachia mtoto mkono kisimani. Nilimtazama mume wangu anazama na sikumrushia kamba, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya vitabu. Dakika ikapita. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyetoka. Niliinua macho nikaona midomo ya wanawake inacheza, Delila, na mke wa shemasi, na wengine wa blanketi, na upande wa pili Perry Keim amefumba macho, jasho linamtiririka.

"N-n-n..." Atlee akasema. "N-naogopa."

Akapumua.

"N-naogopa sana. Kila s-siku niliomba. S-sikuomba ipite." Alikuwa bado ananitazama. "Niliomba n-nisikimbie."

Halafu akaendelea, kwa mwendo wake, hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama, na watu mia moja na sitini wakamngoja kila aliposimama. Sikumbuki mengi ya mahubiri yale. Nililia, si kwa furaha, nisijisingizie. Nililia kwa sababu miaka kumi na mitatu nimelala kando ya mtu huyu na kummalizia maneno, na nilikuwa nayamalizia kwa yangu.

Jioni tulipiga magoti sote sita, nyuso kwenye viti. Atlee akafungua kitabu cheusi, akasoma mistari miwili, akakwama kwenye neno ninalolijua kwa moyo. Watoto wakatulia wakingoja nilitoe. Nikachukua pindo la aproni yangu, nikalitia mdomoni, nikaliuma. Magoti yaliniuma. Nikangoja.